Kalkuleta, Kaa Pembeni: Pembe Kumi, Kutoka ya Mwisho Hadi ya Kwanza

Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne, somo la Basic Mathematics: kalkuleta haiingii chumbani. Kijitabu cha majedwali ya NECTA kinaruhusiwa, na kila mtu anakikumbatia. Halafu unafungua ukurasa na kukutana na swali linaloanza hivi: "Bila kutumia majedwali, tafuta thamani ya..." Chumba kizima kinaguna.

Mguno huo ninaufahamu vizuri kutokana na twisheni za jioni hapa Mkuyuni, Mwanza, na dawa yake haiuzwi dukani: chora. Thamani halisi ya sin, cos au tan inatoka kwenye mchoro mdogo ambao hata mkono unaotetemeka unaweza kuuchora. Na nikisema halisi namaanisha halisi. 0.8660 ni √3/2 iliyokatwa mkia. Ukizidisha mikia iliyokatwa mara tatu nne, jibu lako limeshaanza kuteleza na wewe hujui.

Sasa, kuna ubishi. Wanafunzi wanabishana ni pembe ipi kali kuliko zote, kwa joto lile lile la Simba na Yanga, na kila mmoja amejichagulia timu. Mwalimu kaombwa aamue, mwalimu kaamua. Kigezo changu ni kimoja: pembe inayotoa mengi kwa mchoro mdogo inapanda, na inayotoa jasho bila malipo inashuka. Kama pembe yako imeshushwa daraja, rufaa zinapokelewa. Njoo na mchoro.

10. Nyuzi 0 na nyuzi 90

Zimeingia kwa heshima ya ukubwa. sin 0° = 0, cos 0° = 1, sin 90° = 1, cos 90° = 0. Anayehitaji kalkuleta hapa akapumzike kwanza, anywe maji.

Neno moja tu kuhusu tan 90°. Haipo. Siyo sifuri, siyo kubwa sana, haipo. Egemeza ngazi ukutani, kisha isogeze mpaka isimame wima kabisa: umbali kati ya mguu wa ngazi na ukuta umekuwa sifuri, na tan inakutaka ugawe kwa umbali huo. Kila mwaka kuna mtu anaandika tan 90° = 0 kwa kujiamini kweli kweli. Kujiamini huko tunakuhitaji sana, tukupeleke swali lingine.

9. Nyuzi 1

Ungedhani hii ndiyo rahisi. Ndogo, ya kwanza kuhesabika, haina makuu. Haya, iandike sin 1° kwa namba nzima na vipeuo vya pili. Jumlisha, toa, zidisha, gawa unavyotaka. Utakesha.

Tatizo haliko kwako. Mwaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha kwamba pembe ya nyuzi 60 haigawanyiki mara tatu kwa rula na bikari peke yake. Na kinachochoreka kwa rula na bikari ndicho kile kile kinachoandikika kwa vipeuo vya pili, kwa hiyo nyuzi 20 hazipatikani kwa njia hiyo. Nyuzi 1 nazo basi, kwa sababu ungekuwa nayo ungeirudia mara 20 ukafika. Kwa pembe za nyuzi kamili kanuni ni fupi kiasi cha kuandikwa kiganjani: zinazogawanyika kwa 3 zinaandikika kwa vipeuo vya pili, zilizobaki haziandikiki.

Aliyeiwinda hasa ni al-Kashi, kule Samarkand, mwanzoni mwa karne ya 15. Sin 3° alikuwa nayo. Akachukua mlinganyo sin 3° = 3 sin 1° − 4 sin³ 1°, akaanza na makisio, akayaingiza ndani ya mlinganyo, akapata makisio bora zaidi, akayaingiza tena, na tena, mpaka akawa na tarakimu zaidi ya 15 zilizo sahihi. Kwa mkono! Namvulia kofia al-Kashi. Pembe yenyewe ibaki hapa hapa nafasi ya tisa.

8. Nyuzi 120, 135, 150, 300, 315 na genge lao

Genge hili linatisha kwa ukubwa tu. Ndani yake kuna 30, 45 na 60 zile zile, na alama ya kujumlisha au kutoa mbele. Twende na swali la aina inayopendwa na watunzi: sin 150° × cos 315° ÷ tan 300°, bila majedwali.

Nyuzi 150 ziko robo ya pili. 180 toa 150 ni 30, na robo ya pili sin ni chanya: 1/2. Nyuzi 315 ziko robo ya nne. 360 toa 315 ni 45, na cos huko ni chanya: √2/2. Nyuzi 300 ziko robo ya nne pia. 360 toa 300 ni 60, ila tan huko ni hasi: −√3. Juu una √2/4, chini una −√3. Ondoa kipeuo kwenye asili kwa kuzidisha juu na chini kwa √3, na jibu ni −√6/12.

Nani chanya wapi? Herufi za CAST, kuanzia robo ya nne na kuzunguka kinyume cha saa: cos, zote, sin, tan. Ukiisahau ile alama ya kutoa, ni sawa na kupanda daladala mjini, ukapitishwa kituo cha Mkuyuni na kuteremkia Nyegezi: barabara ilikuwa yenyewe, nauli umelipa, na nyumbani hujafika.

7. Nyuzi 22½

Nusu ya 45. Fundi seremala anayetengeneza fremu ya pande nane hukata kila ncha ya ubao kwa nyuzi hizi, na akikosea kidogo tu fremu haifungi. Kwa hiyo hii ina kazi mtaani.

Mchoro wake una ujanja ninaouita kurefusha mguu, na nakuomba uutunze kwa sababu tutauhitaji tena. Chora pembetatu yenye pembe mraba, miguu yake miwili ikiwa 1 na 1. Upande mrefu ni √2, na kwenye ncha ya chini una nyuzi 45. Sasa shika mguu uliolala na uurefushe kupita ncha hiyo, kwa urefu wa √2 kamili. Unganisha mwisho wa huo mguu mrefu na kilele. Umepata pembetatu mpya, nyembamba, yenye pande mbili za √2, kwa hiyo pembe zake mbili ni sawa. Jumla yake ni ile 45 iliyo nje yake. Kila moja ni 22½.

Soma sasa kwenye mchoro mzima: mkabala ni 1, jirani ni 1 + √2. Hivyo tan 22½° = 1/(1 + √2), nayo ukiisafisha ni √2 − 1. Hujakariri chochote, umerefusha mstari tu.

6. Nyuzi 3

Hii ndiyo pembe ndogo kuliko zote za nyuzi kamili zinazoandikika kwa vipeuo vya pili. Unaipata kwa 18 toa 15: sin 3° = sin 18° cos 15° − cos 18° sin 15°. Zote nne zinapatikana, utaona huko mbele. Jibu lake ni refu, lina kipeuo ndani ya kipeuo, na halina mvuto hata kidogo. Lakini ni la kweli mpaka tarakimu ya mwisho isiyokuwepo.

Ptolemy alipita karibu na hapo hapo huko Aleksandria katika karne ya 2. Yeye alifanya kazi na urefu wa mstari unaounganisha ncha mbili za tao la duara. Alijua nyuzi 72 na nyuzi 60, akatoa akapata 12, akagawa nusu kwa nusu: 6, 3, 1½, ¾. Alipoitaka nyuzi 1 akaishia kuibana katikati ya 1½ na ¾ na kukadiria. Ukuta ule ule wa al-Kashi.

Jambo moja linalonifurahisha kila mara: Ptolemy huyu huyu, kwenye kitabu chake cha jiografia, aliandika kwamba Nile inalishwa na maziwa ya huku kusini, na nyuma ya maziwa hayo kuna Milima ya Mwezi. Maji ya ziwa letu yanatokea Jinja na kwenda mpaka Misri. Mtu huyo aliyafikiria maji yetu zaidi ya miaka 1,600 kabla mpelelezi Speke hajafika Mwanza, Agosti 1858.

5. Nyuzi 20

"Mwalimu, si umesema haiwezekani?" Ndiyo. Peke yake haiwezekani. Lakini iite na ndugu zake wawili, 40 na 80, uone:

cos 20° × cos 40° × cos 80° = 1/8.

Moja ya nane tupu. Hakuna kipeuo, hakuna desimali. Namba tatu, kila moja haiandikiki kwa vipeuo vya pili, zinakutana na kutoa sehemu ambayo mtoto wa darasa la nne anaisoma.

Siri yake inahitaji kanuni moja: sin 2A = 2 sin A cos A. Zidisha lote kwa sin 20°. Sin 20° cos 20° inageuka kuwa nusu ya sin 40°. Hiyo ikikutana na cos 40° inakuwa robo ya sin 80°. Hiyo ikikutana na cos 80° inakuwa sehemu moja ya nane ya sin 160°. Na sin 160° ni nani? 180 toa 160, robo ya pili, chanya: ni sin 20° yenyewe. Imezunguka ikarudi nyumbani. Ifute pande zote mbili, inabaki 1/8.

Richard Feynman, Mmarekani aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1965, aliambiwa hesabu hii akiwa mtoto na rafiki yake Morrie Jacobs, na hakuisahau maisha yake yote. Mpaka leo inaitwa kanuni ya Morrie. Mwambie rafiki yako kitu kizuri cha hesabu. Huwezi kujua jina lako litafika wapi.

4. Nyuzi 45

Nenda steshenari yoyote, nunua karatasi mbili za A4. Moja ikunje: shika kona moja na uilete mpaka upande mfupi ulale sawasawa juu ya upande mrefu. Bonyeza mkunjo kwa ukucha. Huo mkunjo ni nyuzi 45, na ni mstari wa kona hadi kona wa mraba wenye upande wa sentimita 21.

Sasa chukua karatasi ya pili, ambayo hujaikunja, na uweke upande wake mrefu juu ya mkunjo. Vinalingana! Ukiwa makini utaona havipishani hata unene wa ncha ya penseli.

Sababu ni kwamba A4 imetengenezwa ili ukiikata katikati, nusu yake iwe na umbo lile lile. Hilo linawezekana kwa uwiano mmoja tu: upande mrefu uwe √2 mara upande mfupi. Ndiyo maana ni sentimita 29.7 kwa 21. Na mraba wenye upande 1 una mstari wa kona hadi kona wa √2. Basi sin 45° = cos 45° = 1/√2, yaani √2/2, na tan 45° = 1. Unabeba √2 kwenye begi kila siku na unalalamika kwamba hesabu haina kazi.

Waliosema 45 ni namba moja, nawasalimu. Imekosa kupanda kwa sababu ina umbo moja tu: ukishaijua, umeshaimaliza.

3. Nyuzi 30 na nyuzi 60

Nasikia kelele. Nafasi ya tatu? Mama yao wote? Tulieni, heshima yake ipo.

Chora pembetatu yenye pande zote sawa, kila upande 2. Kila pembe ni 60. Teremsha mstari kutoka kileleni mpaka katikati ya kitako. Kitako kimegawanyika 1 na 1, kilele kimegawanyika 30 na 30, na huo mstari, kwa Pythagoras, ni √(4 − 1) = √3. Imekwisha. Pande 1, √3 na 2. Kutoka hapo sin 30° = 1/2, cos 30° = √3/2, tan 30° = 1/√3, na kwa nyuzi 60 unageuza karatasi na kusoma upande wa pili. Mchoro mmoja, thamani sita, muda wa kuchemsha chai haujafika.

Nawajua wenye mbinu ya mkono: vidole vitano vya 0, 30, 45, 60 na 90, na sin ni √0/2, √1/2, √2/2, √3/2, √4/2. Ni nzuri, inaokoa dakika, itumie. Ila vidole havitakuambia kwa nini, na ukiulizwa 15 vinanyamaza vyote vitano. Mchoro haunyamazi.

Huku Mkuyuni nyuzi 30 utaikuta njiani. Nyumba zetu zimepanda mlimani katikati ya mawe, na njia nyingine zinapanda kwelikweli. Njia ikipanda kwa nyuzi 30, kila mita 100 unazotembea zinakuinua mita 50 juu ya ulipoanzia. Nusu kamili. Bodaboda akiangalia mlima huo akaongeza nauli, usigombane naye. Sin 30° iko upande wake.

Na hiyo nusu ni ya pekee kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1956 Ivan Niven aliweka kwenye kitabu chake uthibitisho kwamba ukichukua pembe yoyote kati ya 0 na 90 yenye nyuzi za namba kamili au sehemu, 7, 41½, 63⅓, yoyote, ni moja tu ambayo sin yake ni sehemu ya kawaida isiyo na kipeuo. Ni 30. Nyingine zote hapo katikati zina kipeuo au kitu kigumu zaidi ya kipeuo. Kwa hiyo timu ya 30 ina kombe ambalo hakuna atakayelichukua. Nafasi ya tatu, na kombe.

2. Nyuzi 18 na nyuzi 36

Hii ndiyo pembe ya wenye mapenzi. Vitabu vingi vya kidato haviigusi, na hilo linanisikitisha.

Fanya hivi. Chukua risiti ndefu ya mashine ya EFD, ukanda wa karatasi wenye upana sawa mwanzo hadi mwisho. Ifunge fundo la kawaida, lile la kufungia kamba, moja tu. Vuta taratibu, usikunjekunje, kisha libonyeze fundo liwe bapa. Kata mikia inayoning'inia. Mkononi una umbo la pande tano, zote sawa. Linyanyue lielekee mwanga: ndani yake utaona mistari ya nyota, isipokuwa mmoja. Na ukipita soko la Mkuyuni, muombe mama muuza matunda akukatie papai kwa mapana badala ya urefu, uangalie lile tundu la mbegu. Tano tena.

Kwenye umbo hilo la pande tano, ncha ya nyota ina nyuzi 36. Nusu yake ni 18. Sasa tafuta sin 18° kwa kalamu.

Iite pembe A. Mara mbili yake ni 36, mara tatu ni 54, na 36 jumlisha 54 ni 90. Hapo ndipo mlango ulipo: sin 36° = cos 54°, yaani sin 2A = cos 3A. Fungua kila upande: 2 sin A cos A = 4 cos³ A − 3 cos A. Gawa kote kwa cos A, unaruhusiwa kwa kuwa siyo sifuri. Badili cos² A kuwa 1 − sin² A. Iite sin A herufi s, na kilichobaki mezani ni

4s² + 2s − 1 = 0.

Mlinganyo wa kidato cha pili! Kanuni yake inatoa s = (−1 ± √5)/4, na kwa kuwa sin 18° ni chanya, sin 18° = (√5 − 1)/4. Kwa njia hiyo hiyo cos 36° = (√5 + 1)/4. Zitoe: nusu kamili. Zizidishe: robo kamili. Kalkuleta ingekupa 0.8090 na 0.3090 na kukuacha ukishangaa kwa nini mikia inafanana. Ukiandika vipeuo, sababu unaiona kwa macho.

Kila ninapomwona mwanafunzi anaufikia ule mlinganyo mwenyewe, kalamu inasimama kidogo. Halafu anauliza, "Kumbe ni hii tu?" Ndiyo, ni hii tu.

1. Nyuzi 15 na nyuzi 75

Timu ya 30 mlikuwa mnanung'unika. Sasa mtapiga kelele. Sikilizeni kwanza.

Nyuzi 15 inakutaka ujue yote yaliyotangulia. Njia ya kwanza ni 45 toa 30: sin 15° = sin 45° cos 30° − cos 45° sin 30° = (√6 − √2)/4. Kwa 75 unajumlisha badala ya kutoa: (√6 + √2)/4. Njia ya pili ni ule ujanja niliokuomba utunze. Chukua pembetatu ya 1, √3, 2. Ilaze kwa mguu wa √3, wenye nyuzi 30 nchani. Refusha mguu huo kupita ncha kwa urefu wa 2, unganisha na kilele, na 30 inagawanyika nusu. Mkabala 1, jirani 2 + √3. Kwa hiyo tan 15° = 1/(2 + √3), na kwa kuwa (2 + √3)(2 − √3) = 4 − 3 = 1, jibu ni 2 − √3. Tan 75° ni 2 + √3. Hujagusa kanuni hata moja.

Lakini kilichoipandisha mpaka juu ni jua la Mwanza. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa. Kwa wengi duniani jua hukata anga kwa mshazari, na pembe za vivuli vyao huchanganyika. Sisi tuko jirani na Ikweta. Siku ambazo mchana na usiku hulingana, karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, jua letu linapanda karibu wima na kushuka karibu wima. Kila saa linashuka nyuzi 15 kamili: 75, 60, 45, 30, 15. Zote ni pembe zetu, bila hata moja iliyopotea njia!

Basi siku hiyo simika kijiti cha mita moja mahali tambarare, kisimame kwa timazi. Subiri kivuli kifupi kuliko vyote, hapa kwetu ni saa saba kasoro mchana. Kuanzia hapo pima kila baada ya saa moja. Baada ya saa ya kwanza kivuli ni 2 − √3, sentimita 27 hivi. Ya pili, 1/√3, sentimita 58. Ya tatu, mita moja kamili, kijiti na kivuli chake sawa. Ya nne, √3, mita 1.73. Ya tano, jua likielekea kuzama ng'ambo ya ghuba, 2 + √3, mita 3.73. Unaweza kukosea sentimita moja mbili, ardhi ya Mkuyuni haijanyooka.

Chukua kivuli cha saa ya kwanza na cha saa ya tano, uviunge. Mita 4. Kwenye hesabu, (2 − √3) + (2 + √3), vipeuo vinafutana na inabaki 4 bila makombo. Vizidishe: 1. Cha pili na cha nne, vizidishe: 1. Cha tatu peke yake: 1. Kijiti chako kimeandika jedwali zima chini kwenye udongo, na kila mstari unashikana na mwenzake. Leteni pembe nyingine inayofanya hivyo, nami nitabadilisha msimamo.

Atakayepima kwa makini atauliza kuhusu kile kivuli kifupi cha mwanzo, maana hakitakuwa sifuri. Mwanza iko nyuzi 2½ hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo siku hiyo jua la mchana linaegemea kaskazini kidogo, na kijiti kinatoa kivuli cha sentimita 4 na ushee kuelekea kusini, upande wa Butimba. Hiyo ni tan 2½°. Usihangaike kuitafutia vipeuo vya pili: ungeipata, ungeirudia mara nane ukafika 20, na Wantzel alishaifunga hiyo njia. Kwa kivuli hicho kimoja, fungua majedwali.